Rejeta ya PC kwa joto la Dar: moja nene ya mm 60 au mbili nyembamba?

#1 KabatiLaMoto
Wakuu salaam. Naomba ushauri kabla sijalipia mzigo.

Mashine: prosesa (CPU) i9-14900K, viini vikubwa vyote vimefungwa GHz 5.8. Kadi ya picha (GPU) RTX 3080 yenye bloku ya maji (kipande cha shaba kinachokaa juu ya chipu na kupitisha maji), kikomo cha umeme kimepandishwa. Pampu D5, tangi dogo, mpira wa 10/16 (mm ndani/nje). Rejeta ni moja, 360 (urefu wa feni tatu za mm 120) ya shaba, unene mm 28, iko juu ya kesi na feni zake tatu zinatoa hewa nje. Feni zinazunguka 1200 kwa dakika, sitaki kelele. Chumba kipo Tabata, hakina AC, mchana kinasoma 31.

Gemu likikolea kwa nusu saa CPU inakula wati 120, GPU 350. Maji yanatulia kwenye nyuzi 51, CPU 82, GPU 66.

Mbele ya kesi kuna nafasi ya mm 90 hadi ncha ya GPU. Hela inatosha rejeta moja tu. Nitoe hii niweke moja ya mm 60 mbele, au hii ibaki juu niongeze nyingine nyembamba ya 360 mbele? Wauzaji kila mmoja anavutia kwake.

#2 fundi_pampu
Ongeza, usibadilishe. Kwenye rejeta tunaanza na ukubwa wa uso unaopigwa na hewa, unene baadaye.

Chukua jumla ya wati, gawa kwa tofauti ya joto la maji na la chumba. 470 gawa kwa 20 ni wati 23 na nusu kwa kila nyuzi moja. Huo ndio uwezo wa rejeta yako kwa spidi hiyo ya feni. Ukiiletea pacha wake uwezo unakaribia mara mbili, tofauti inashuka hadi nyuzi 10 hivi, maji 41. Ukiweka moja ya mm 60 kwa feni zilezile za 1200, mimi nakadiria nyongeza ya asilimia 15 tu: tofauti 17, maji 48. Hewa ikishapita mm 30 za kwanza imeshapata joto, kwa hiyo nusu ya nyuma inapokea hewa ya moto.

Halafu kikomo cha D5 ni maji ya nyuzi 60. Kwa 51 bado upo salama, ila siku chumba kikigonga 35 unakuwa jirani nacho.

#3 JogooLaTabata
Kuna suluhisho rahisi zaidi: hamia Lushoto na kesi yako.

#4 KimyaKimya
Fundi kakimbilia hesabu kabla ya swali la kwanza. Rejeta ina mapezi mangapi, yale mabati membamba, kwa inchi?

Nyembamba nyingi zimesongwa mapezi 20 na zaidi ili kufidia unene. Angalia hata kampuni ya EK: rejeta yao ya SE ya mm 28 ina mapezi 22 kwa inchi, XE ya mm 60 ina 16. Mapezi yaliyosongana yanataka feni yenye presha, kuanzia 1600 kwenda juu. Feni ya 1200 hapo inazunguka tu, hewa inayopita ni kidogo. Kwa mtu asiyetaka kelele, nene yenye mapezi machache ndiyo yake.

KabatiLaMoto, chukua rula, weka kwenye mapezi, hesabu ndani ya mm 25, utuambie.

#5 MzeeGerezani
Vijana mnahesabu maji, mimi nahesabu upepo. Gari likichemka kwenye foleni ya Buguruni, likishatoka foleni likakimbia kidogo linapoa lenyewe, na rejeta ni ileile. Kabla ya kununua chochote angalia hewa inaingia wapi na inatokea wapi.

#6 BintiVolti
Naungana na Mzee. Rejeta iko juu na inatoa hewa nje, maana yake inapozwa na hewa ambayo tayari imepita kwenye GPU, mazabodi na pawasapulai. Hesabu ya #2 imetumia 31 ya chumba, lakini rejeta haioni chumba, inaona ndani ya kesi.

Pima hivi: chukua kihisi cha joto cha waya, vile vya 10K vinavyochomekwa kwenye pini mbili za mazabodi, kining'inize sentimita 2 chini ya feni ya katikati upande inakonyonya. Kisigusane na chuma. Cheza nusu saa. Usipime kwa dakika 5, maji na hewa ya ndani ya kesi vinachelewa kutulia. Kisha fungua ubavu wa kesi, rudia gemu lilelile sehemu ileile. Maji yakishuka nyuzi 3 au 4 kwa kufungua ubavu tu, shida yako kubwa ni kesi.

#7 KabatiLaMoto
Asanteni. Mapezi nimehesabu 22 kwa mm 25. Hewa inayonyonywa na rejeta inasoma 35 na nusu. Ubavu ukiwa wazi maji yanatulia 48.

#8 KimyaKimya
22! Nilisema.

#9 BintiVolti
Nyuzi 3 kwa kutoa bati tu. Nilisema.

#10 fundi_pampu
Haya, hewa ni 35.5, kwa hiyo tofauti ya kweli ni 15.5. Hapo rejeta inaonekana ina nguvu kuliko nilivyoipigia, wati 30 kwa nyuzi. Sasa nijirekebishe upande wa pili pia: si wati zote 470 zinaingia majini. Kadi ya 350 inapoteza sehemu kupitia bati la nyuma na saketi ambazo bloku haizigusi, na CPU nayo inapasha mazabodi. Ukikadiria 420 majini unapata wati 27 kwa nyuzi. Kwa 360 ya mm 28 kwenye 1200 hiyo ni kazi ya kawaida kabisa, wala si rejeta mbovu.

Kwa hiyo jibu langu liko palepale. Rejeta ya pili mbele itakuwa inavuta hewa ya chumba ya 31, si ya 35.5. Anapata uso mpya na hewa mpya kwa mpigo mmoja.

#11 sokomoko_tz
Mbona hakuna aliyegusa pampu? D5 ukiiweka spidi ya 5 maji yanakimbia mno, hayapati muda wa kuacha joto kwenye rejeta. Shusha hadi 2 yakae.

#12 fundi_pampu
Hapana mkuu, hii imani ni ya zamani na haifi. Maji yakikaa muda mrefu kwenye rejeta yanakaa muda mrefu kwenye bloku pia, yanachota joto zaidi kule. Mzunguko ni mmoja.

Kinachobadilika ni tofauti kati ya maji yanayotoka kwenye bloku na yanayotoka kwenye rejeta. Lita 1 kwa dakika hubeba wati 70 kwa kila nyuzi moja. Kwa wati 420 na lita 1 kwa dakika, maji yanapanda nyuzi 6 kutoka mwanzo wa mzunguko hadi mwisho. Kwa lita 4 ni nyuzi 1 na nusu. Ukishavuka lita 3 au 4 kwa dakika huongezi kitu zaidi ya kelele na joto la pampu yenyewe. Ukishusha chini ya lita 1 ndipo unaanza kuumia, CPU inapanda hata kama rejeta ni kubwa.

Hapohapo jibu la wale wanaouliza "nianze na CPU au GPU": kwa mzunguko mzuri ni nyuzi 1 au 2. Panga mpira usikunjike, basi.

#13 sokomoko_tz
Sawa fundi. Lakini bado hajatuambia ana lita ngapi kwa dakika. Inawezekana bloku imeziba nyie mko kwenye mapezi.

#14 BintiVolti
Hoja ya sokomoko ya pili ina uzito kuliko ya kwanza. CPU 82 na maji 51 ni tofauti ya nyuzi 31 kwa wati 120 tu. GPU inatoa wati 350 na tofauti yake ni 15. Najua 14900K ina kipande kidogo cha silikoni na joto limebanana, ila 31 kwa wati 120 mimi ningeangalia vitu viwili: njia nyembamba za bloku ya CPU kama zina utando, na fremu ya soketi. LGA1700 kibanio chake cha asili kinapinda kifuniko cha prosesa katikati, pesti inakaa nene sehemu moja. Zile fremu za alumini za kubadilisha kibanio ni bei ndogo kuliko rejeta yoyote iliyotajwa hapa.

Rejeta inashusha maji. Maji yakishuka nyuzi 5, CPU inashuka 5. Hiyo 31 iliyo juu ya maji hata uweke rejeta ya basi la mkoani haitoki.

Na hiyo GHz 5.8 ya viini vyote umeipa volti ngapi? BIOS (programu ya kuwashia mazabodi) ni ya lini? Mwaka 2024 Intel walikubali kwamba kizazi cha 13 na 14 kilikuwa kinadai volti ya juu kupita kiasi na prosesa zinachakaa. Maikrokodi (maagizo ya ndani ya prosesa yanayokuja na BIOS) 0x129 ya Agosti 2024 inazuia maombi ya zaidi ya volti 1.55, 0x12B ikafuata Septemba. Kama BIOS ni ya kabla ya hapo, sasisha kwanza, maji baadaye.

Ukitaka kushusha joto bure: 3080 ifunge kwenye volti 0.85 na MHz 1800 hivi. Inashuka kirahisi chini ya wati 280, fremu za gemu kwa sekunde unazopoteza utazitafuta kwa tochi. Wati 70 zilizoondoka ni karibu nyuzi 3 za maji.

#15 KabatiLaMoto
Dada nimekuja kuuliza rejeta, unaondoka na ovakloki yangu. BIOS ni mpya, ina 0x12B. Volti kwenye gemu inasoma 1.36 hadi 1.38. Kipima mtiririko sina.

#16 BintiVolti
1.38 kwa nyuzi 82, endelea kufurahia. Nimenyamaza.

#17 sokomoko_tz
Kipima mtiririko si lazima. Mimina kwenye tangi, toa mpira wa kurudi, uelekeze kwenye jagi la lita 1, washa pampu peke yake, hesabu sekunde. Pampu isimeze hewa: mwenzako awe anajaza tangi. Sekunde 20 ni lita 3 kwa dakika. Ukiona sekunde 60 na zaidi fungua bloku.

#18 MzeeGerezani
Turudi kwenye rejeta. Hizo za dukani bei yake ni matusi. Kuna rejeta ya hita ya gari, ile ndogo inayokaa chini ya dashibodi. Zamani wenye kompyuta huko Marekani walikuwa wanatumia hizohizo kabla viwanda havijaanza kutengeneza za kompyuta. Za gari za zamani ni shaba na brasi, fundi anakuchomelea mdomo wowote unaotaka siku hiyohiyo.

#19 fundi_pampu
Mzee historia ni kweli, ila mtu akienda leo asikague atarudi na alumini. Gari nyingi za karibuni hita na rejeta ni alumini yenye tangi la plastiki. Bloku za PC ni shaba, nyingi zimepakwa nikeli. Alumini na shaba kwenye maji yaleyale ni betri. Alumini inaliwa, unga mweupe unakwenda kuziba njia za bloku ambazo zina upana chini ya nusu milimita. Kulanti inachelewesha, haizuii milele.

Kukagua: kwangua mahali padogo pasipo na rangi kwa kisu. Wekundu ni shaba, unjano ni brasi, weupe mwepesi ni alumini, usinunue. Pima na uzito mkononi. Sumaku haikusaidii hapa maana haishiki shaba wala alumini.

#20 JogooLaTabata
Mbona AIO (vile vipoza maji vilivyofungwa tayari kiwandani) rejeta zake ni alumini na bamba la chini ni shaba na watu wanatumia miaka?

#21 fundi_pampu
Swali zuri, leo umekuja bila utani. Ni kweli. Zimejazwa kiwandani kioevu chenye dawa ya kuzuia kutu, zimefungwa, hewa haiingii, na nyingi hupewa umri wa miaka kadhaa hazifunguliwi. Wewe ukifungua mzunguko ukaweka maji ya kwako, ulinzi ule haupo.

#22 MzeeGerezani
Nakubali ukaguzi. Kuhusu uzi wa fitingi: za PC ni G robo, ambayo ni BSP robo ileile ya mafundi bomba. Nipo na elbo za duka la vifaa vya maji zinaingia.

#23 KimyaKimya
Zinaingia zikiwa za uzi ulionyooka, zinazozibwa na oringi. Za duka la bomba nyingi ni za uzi wa kuchongoka, zinazozibwa kwa tepu nyeupe. Ukikaza ya kuchongoka kwenye mdomo wa rejeta unaupanua, na kwenye tangi la akriliki unapasua. Tumia fitingi ya oringi, kaza kwa mkono, ongeza robo mzunguko, acha.

#24 Pweza_Kigamboni
Nyote mnasahau tunaishi wapi. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, na dirisha likiwa wazi vumbi la barabara ya mchanga linaingia ndani. Mapezi 22 kwa inchi ni chujio. Vumbi linanasa upande hewa inakoingia, likichanganyika na unyevu linakuwa kama blanketi na blowa peke yake haliling'oi. Rejeta iliyokuwa na tofauti ya nyuzi 15 kati ya maji na hewa mwezi wa sita unaikuta na 19 mwezi wa kwanza, unafikiri ni kiangazi.

Kwa huku nunua yenye mapezi 16 kushuka chini. Angalia pia rangi imepenya hadi ndani ya mapezi. Zile ambazo shaba inaonekana katikati zinashika kijani zikikaa karibu na bahari. Hardware Labs ni Wafilipino, wanajua joto na unyevu, GTS yao ina unene wa chini ya mm 30 na mapezi 16.

Kusafisha: toa feni kwanza, puliza kutoka upande hewa inakotokea kurudi inakoingilia, brashi laini ya rangi kufuata mapezi, kamwe usikatize. Shika panga za feni zisizunguke kwa upepo wa blowa.

#25 KimyaKimya
Pweza kanisaidia bila kujua. Mapezi machache, nene, feni za polepole. Nene yenye mapezi 10 haizibi, na kwa 900 unasikia jirani anavyopumua.

#26 fundi_pampu
Unachanganya mambo mawili. Mapezi machache ni sawa kwa huku, nimekubali. Unene kwa feni za polepole ndio siukubali. Hewa ikienda polepole inafika joto la maji mapema, mm 30 zinatosha kuimaliza. Unene unalipa feni zikiwa na nguvu, 1800 na kuendelea, au feni mbele na nyuma. Na kwa mm 60 mbele na nyuma ni 25 + 60 + 25, mm 110. Ana 90. Haingii.

#27 KimyaKimya
Mm 60 na feni upande mmoja ni 85. Inaingia, zinabaki 5. Na nene yenye mapezi machache haimalizi hewa mapema kwa sababu uso wa mapezi ni mdogo kwa kila milimita, ndiyo maana wakaifanya nene. Hesabu yako ya "mm 30 zinatosha" ni ya mapezi 22.

#28 fundi_pampu
Kama uso kwa milimita ni mdogo basi jumla ya uso inalingana na nyembamba yenye mapezi mengi. Umelipa shaba mara mbili ukabaki palepale.

#29 KimyaKimya
Palepale kwa joto. Kwa kelele sipo palepale.

#30 JogooLaTabata
Wakati mnagombana nimepata wazo. Barafu ya Feri. Weka rejeta kwenye karai, samaki wakifika mnagawana.

#31 BintiVolti
Nilisema nimenyamaza lakini hii lazima ijibiwe, maana kuna dogo atasoma ajaribu.

Kuyeyusha kilo 1 ya barafu kunameza kilojuli 334. Wati 420 kwa saa nzima ni kilojuli 1,512. Kilo 4 na nusu za barafu kila saa, zote zinaishia maji karaini. Hilo ni dogo. Kubwa ni umande: Dar msimu wa joto kiwango cha umande kinacheza nyuzi 24 au 25. Chochote kilicho chini ya hapo ndani ya kesi, yaani bloku, fitingi, mpira, kinatoa jasho kama chupa ya soda iliyotoka friji. Matone yanatua kwenye mazabodi. Rejeta ya kawaida haiwezi kukufikisha huko kwa sababu haiwezi kushusha maji chini ya joto la hewa ya chumba. Barafu na chila (mashine ya kupoza maji) ya samaki wa mapambo zinaweza, na hapo ndipo bodi zinakufa.

#32 Mbezi_Juu
Kwani lazima rejeta ikae ndani ya kesi? Watool ya Wajerumani, MO-RA3 ya 360 inabeba feni 9 za 120, ya 420 inabeba feni 9 za 140 au 4 za 200. Unaisimamisha pembeni ya meza, mipira miwili na konekta za kuchomoa. Kwa wati 420 feni ziende 500 kwa dakika, maji yanakaa nyuzi chache tu juu ya chumba. KimyaKimya analala, fundi anapata uso wake, wote wamepatana.

#33 Pweza_Kigamboni
Kampuni ni Watercool mkuu. Kitu ni kizuri lakini hela yake inatosha rejeta moja ya 360, soma #1.

#34 Mbezi_Juu
Kidole kiliteleza. Basi hata 360 yake aliyonayo aitoe nje ya kesi, aiweke kwenye stendi nyuma ya meza. Hewa 31 badala ya 35.5 bila kununua rejeta. Mpira mita 1 na nusu kwenda na kurudi, D5 haihisi. Ila asiipeleke nje ya dirisha. Wavu wa mbu unakaba hewa, ukiutoa unaingiza mbu, na ukuta unaotazama magharibi saa 10 jioni unawaka.

#35 MzeeGerezani
Hilo la kuitoa nje ndilo nililokuwa nasema toka #5.

#36 Pweza_Kigamboni
Kwa anayefikiria AC: chumba kikishuka nyuzi 1, maji yanashuka 1. AC ya BTU 9,000 inaondoa wati 2,600 hivi, kompyuta yake ikichukua 600 kwenye soketi inakula karibu robo ya AC. Umeme wa hapo auhesabie mwenyewe.

#37 KabatiLaMoto
Nimejaribu vitu viwili bila kununua kitu. Kwanza nimegeuza feni za juu zivute hewa ya chumba kuingia ndani, feni ya nyuma inatoa. Maji 47. Kisha nikazipandisha hadi 1700: maji 44. Kelele ipo lakini ukivaa hedifoni huisikii. Jagi la sokomoko: sekunde 24. SSD imepanda kutoka 52 hadi 58.

#38 BintiVolti
Nyuzi 4 kwa kugeuza feni. Kesi.

#39 KimyaKimya
Nyuzi 3 zaidi kwa kupandisha spidi. Mapezi yamesongana, feni ya 1200 ilikuwa haipenyi.

#40 fundi_pampu
Kwenye 47 tofauti ni 16, wati 420, bado ni 26 kwa nyuzi. Rejeta ndogo kwa mzigo huu. Uso.

#41 sokomoko_tz
Sekunde 24 ni lita 2 na nusu kwa dakika, tena bila kupitia mpira wa kurudi. D5 kwenye 5 kwa bloku mbili na rejeta moja mimi ningetegemea zaidi. Fungua bloku ya CPU.

#42 JogooLaTabata
Kipimo kimoja, washindi wanne. Lushoto bado ipo.

#43 fundi_pampu
Vyovyote utakavyoamua, mambo ya kufunga haya hapa, maana rejeta mpya zinaharibika siku ya kwanza kuliko siku nyingine zote.

Skrubu kwanza. Feni ya mm 25 inataka skrubu ya mm 30. Za mm 35 zinazokuja kwenye pakiti ni za feni yenye fremu ya ziada, ukiziingiza bila fremu ncha inatoboa njia ya maji. Baadhi ya rejeta zina kibati cha kinga chini ya tundu, nyingine hazina. Na uzi unatofautiana: M3, M4, au UNC 6-32. Jaribu kwa vidole, usilazimishe kwa bisibisi.

Osha ndani. Rejeta mpya huja na mabaki ya dawa ya kulehemu. Jaza nusu maji ya moto yaliyochujwa kwa mvuke, ziba midomo, tikisa dakika 2 au 3, mwaga kupitia kitambaa cheupe. Rudia hadi kitambaa kibaki safi. Usitumie maji ya bomba kumalizia, na ya kisima ndiyo kabisa, visima vingi vya Dar vina chumvi. Maji yenyewe yanauzwa kwa wauza betri na vituo vya mafuta, ila soma lebo, chupa ya asidi ya betri inakaa rafu hiyohiyo.

Kabla ya kuwasha: pampu ya mkono yenye geji, presha ya bar 0.5, subiri nusu saa, sindano isisogee. Huna geji, basi tishu chini ya kila fitingi, pawasapulai ichomekwe kwa pampu tu, unganisha waya wa kijani na mweusi kwenye plagi ya pini 24, iache izunguke usiku kucha. Umeme ukikatika katikati anza upya.

#44 Pweza_Kigamboni
Ongeza hapo: kulanti ya gari asilimia 10 hadi 15 wengi huitumia kwa kutu na ukungu. Ukiweka nusu kwa nusu kama kwenye gari maji yanakuwa mazito na yanabeba joto kidogo zaidi ya ulivyozoea. Ile ya ethilini glikoli ni sumu na ina ladha tamu, iweke mbali na watoto na paka.

#45 KimyaKimya
"Yanabeba joto pungufu", nadhani ndicho ulichotaka kusema.

#46 Pweza_Kigamboni
Pungufu, ndiyo.

#47 KabatiLaMoto
Shukrani wote. Wikiendi nafungua bloku ya CPU na kuweka fremu. Rejeta bado sijaamua, ila ya mapezi 22 sirudii.

#48 mgeni_mpya_88
Samahani naingilia. Mimi nina 7800X3D na AIO ya 240, hewa ya chumba 32, inafika 83 kwenye gemu. Ninunue 360?

#49 BintiVolti
Kikomo cha hiyo prosesa ni nyuzi 89 na kwenye gemu inakula wati 60 hadi 80. Rejeta ya 240 inatosha na chenji inabaki. Sema kwanza: pampu imekaa juu kuliko rejeta?

#50 mgeni_mpya_88
Rejeta iko mbele, mipira imetokea juu, pampu ipo kwenye CPU kama kawaida. Kuna mlio kama wa maji kwenye chupa nikiwasha asubuhi.

#51 fundi_pampu
Hewa imekusanyika kwenye midomo. Igeuze rejeta mipira itokee chini, au ihamishe juu ya kesi. Juu kabisa ya rejeta lazima pawe juu kuliko pampu ili hewa ibaki kule. Pima tena kisha fungua uzi wako, huu umejaa.